Jamvi la futari kwa watu ishirini: kupanga, kupika, kupakua na kugawa

Futari ya watu ishirini haiharibiki jikoni. Wapishi wazuri tunao kila mtaa, kuanzia Mikunguni hadi Michenzani mjini Unguja, na Wete na Mkoani kule Pemba ndiyo usiseme. Inaharibika katika nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya Magharibi: muhogo umeiva lakini sinia hazijulikani ziko wapi, mtoto wa jirani amesimama mlangoni na bakuli, mkate haujakatwa, na mzee wa nyumba anauliza maji ya kunawa. Ndiyo maana hapa naanza na sinia na bakuli, kisha narudi sokoni na jikoni. Ukishajua chakula chako kinakwenda wapi, kiasi cha kupika kinajitokeza chenyewe.

Hesabu kwa sinia

Ukiambiwa wageni ishirini, usikimbilie kilo. Uliza kwanza wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, na nani hawezi kuchanganya mkono na wenzake. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba wanaume hukaa ukumbini au barazani, wanawake ndani au uwani, na watoto hupewa sinia yao wasije wakazidiwa mkono na wakubwa. Sinia ya kawaida inatosha watu wazima wanne kwa raha, watano kwa kubanana, watoto watano au sita. Wakiwa wanaume wanane, wanawake wanane na watoto wanne, hizo ni sinia mbili, mbili na moja: jumla tano.

Ongeza ya sita ya akiba. Mwezi wa Ramadhani mtu akipita mlangoni kwako saa kumi na mbili na nusu humwachii akapita, na yeye naye pengine ana mwenzake.

Kisha hesabu bakuli zinazotoka nje ya nyumba. Hapa ndipo wengi wanapopunja: wanapika cha wageni, halafu wanajaribu kumega kwenye sinia za wageni bakuli la jirani, na mwisho wa yote mgeni na jirani wote wanapata nusu nusu. Bakuli nne za majirani zinameza kiasi cha sinia nzima. Kwa hivyo kwa wageni ishirini unapika cha sinia saba.

Kwa sinia saba nanunua hivi: muhogo kilo saba kabla ya kumenywa, ndizi mbivu za mkono wa tembo ishirini, samaki kilo sita, mchele wa mkate wa kumimina kilo mbili, nazi kumi na mbili, tende kilo moja. Vitunguu, tungule (nyanya), ndimu, pilipili mbichi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, iliki na sukari kila mtu anajua jiko lake linavyokula. Nazi kumi na mbili huonekana nyingi mpaka uanze kuzikuna.

Nini kikae juu ya jamvi

Orodha ya vya futari kwetu haina mwisho: muhogo, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, boga, ndizi mbichi na mbivu, tambi, vipopoo, kaimati, vitumbua, mkate wa ufuta, mkate wa ajemi, sambusa, katlesi, bajia. Kishawishi ni kuviweka vyote. Jamvi la namna hiyo ni zuri kupigwa picha, lakini walaji huonja hiki, wakagusa kile, na saa mbili usiku unabaki na mabaki ya vyakula kumi ambavyo hakuna kimoja kilicholiwa kikaisha.

Mimi nashika vitu vitano. Uji wa kutuliza tumbo. Kimoja cha nazi chenye chumvi, na hapa muhogo ndio mfalme. Kimoja cha nazi kitamu, ndizi au vipopoo. Mkate. Kitoweo chenye ukali wa ndimu, kwa sababu nazi juu ya nazi bila kitu kikali inakinaisha baada ya matonge matano, na chukuchuku, mchuzi wa samaki wa ndimu usio na mafuta, ndiyo inayoufungua mdomo upya. Vya kukaanga nitaweka viwili, basi: sambusa kwa ajili ya watoto na kaimati kwa ajili ya wazee wanaojidai hawapendi sukari. Tumbo lililokaa tupu kutwa halipendi kuanza na mafuta, na anayekwenda kusimama tarawehe baada ya sambusa sita atayaona mwenyewe.

Ukibadilisha muhogo kwa majimbi, yapike mpaka yalegee kabisa. Jimbi lisiloiva linawasha koo, na hakuna fedheha kama wageni wanane wanaokohoa kwa pamoja. Shelisheli ni rahisi zaidi na linanyonya tui vizuri, tatizo ni kulipata wakati unapolitaka.

Matunda yanategemea Ramadhani imeangukia wapi. Mwezi wetu unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida. 2026 ulianza mwezi wa Februari, na mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Kwa hivyo miaka inayokuja futari inaingia kwenye embe zenyewe, boribo na dodo, wakati jamvi linapojitengenezea tunda bila kuhangaika. Msimu wa matunda ukiwa umekata, ukwaju na ubuyu vipo mwaka mzima. Loweka ukwaju usiku, uchuje, tia sukari na tangawizi kidogo, uweke kwenye baridi.

Sokoni

Nenda asubuhi, siku moja kabla ya futari yenyewe. Darajani, soko lililopo hapo tangu 1904, hujaa tangu mapema, na kufika saa tano mwezi wa Ramadhani ni kununua kilichokataliwa na wenzako. Ukikaa upande wa Mwanakwerekwe, soko la huko litakupunguzia nauli. Samaki anapatikana bei nzuri zaidi dikoni, wavuvi wanakoshusha, kama una mtu wa kukununulia kwenye mnada; ukienda mwenyewe bila kujua mnada unavyopigwa, utabeba tenga zima ukiwa ulitaka mafungu mawili.

Jambo moja la samaki ambalo watu wa mjini hulisahau: Ramadhani inakwenda kwa mwezi, na uvuvi wa dagaa wa taa nao unakwenda kwa mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, basi karibu na tarehe 13 hadi 16 za Ramadhani dagaa huadimika na kupanda bei. Kama umepanga dagaa wa nazi kwa ajili ya nusu ya mwezi, badilisha mapema.

Kwa sinia ya kushirikiana chagua samaki wa vipande vya nyama nene: kolekole, nguru au jodari. Changu ni mtamu zaidi, sibishi, lakini miba yake inataka mtu atulie na sahani yake. Kwenye sinia ya watoto changu ni balaa.

Muhogo chagua ulio mpya. Mwambie muuzaji avunje ncha: ndani uwe mweupe, usiwe na mistari ya buluu au ya kahawia, na uvunjike kwa mlio. Muhogo mchungu una sumu inayotoa sayanidi, kwa hivyo nunua kwa mtu anayejua shamba lake, na hata ule mtamu umenye vizuri, uchemshe kwa maji mengi na maji hayo uyamwage. Nazi itikise sikioni. Isiyolia maji iache hapo hapo. Tende zisiwe na sukari iliyoganda juu, na zifungue mbili tatu utazame ndani.

Ukirudi nyumbani siku hiyo hiyo: paa samaki, umkate vipande, umpake ndimu, chumvi na thomu, mweke kwenye friji. Osha mchele wa mkate na uuloweke. Tafuta sinia zote, uzihesabu, uzipanguse. Kama zimepungua, azima sasa, si kesho saa kumi na moja, maana kesho saa kumi na moja kila nyumba inazitaka zake.

Nazi na tui

Kukuna nazi ndiyo kazi kubwa ya siku, na ifanyike mchana wa siku yenyewe. Tui lililokamuliwa jana na kuachwa nje limeshachacha, na hata la kwenye friji linapoteza ladha. Wekeni watu wawili kwenye mbuzi za kukunia baada ya swala ya Adhuhuri. Ukunaji usifike kwenye gamba. Weusi ukiingia, tui linakuwa la kijivu na muhogo unaonekana mchafu hata kama ni msafi.

Mimina maji ya uvuguvugu, kidogo tu, kwenye nazi tano za muhogo zilizokunwa. Kamua, chuja kwa kifumbu. Hilo ni tui zito, liweke mbali kabisa na moto. Mimina maji tena, mengi zaidi, kamua mara ya pili: hilo jepesi ndilo la kupikia. Fanya vivyo hivyo kwa nazi mbili za ndizi. Za mkate, kama nne hivi, mkate uchukue tui zito peke yake, na lile jepesi lake litafaa kwenye uji. Nazi moja inabaki akiba. Ukikuta iliyooza ndani, hutatoka mbio kwenda dukani.

Wenye blenda wanasaga nazi na maji kisha wanachuja. Inaokoa saa nzima na sioni ubaya, ila isage kwa muda mfupi. Ukizidisha, mafuta yanajitenga na tui linakuwa na chenga.

Muhogo wa nazi

Menya, pasua katikati, toa kijiti cha ndani, kata vipande vya urefu wa kidole. Osha maji mawili. Bandika kwenye sufuria pana kuliko unavyodhani, maji yafunike muhogo, chumvi bado. Saa tisa mchana uwe motoni. Ukianza kupasuka wenyewe, mwaga maji.

Sasa tia tui jepesi mpaka likaribie usawa wa muhogo, vitunguu maji vilivyokatwa, pilipili mbichi nzima zisizopasuliwa, chumvi. Wacha lichemke polepole, moto wa kadiri, karibu robo saa, muhogo unywe. Usikoroge kwa mwiko mkubwa ukauponda. Tikisa sufuria kwa masikio yake. Mwisho mimina tui zito, na kuanzia hapo usiondoke. Lipepee kwa upawa, ulichote na kulirudisha, lisikatike, mpaka lichemke mara moja. Epua.

Epua ukiwa bado mwepesi kuliko unavyoutaka. Muhogo unaendelea kunywa tui ukiwa chini, na futari iliyokuwa laini saa kumi na moja inakuwa donge saa kumi na mbili na nusu. Weka kikombe cha tui jepesi pembeni kwa ajili hiyo.

Chumvi nani anaionja? Mpishi amefunga. Wanavyuoni wengi wanaruhusu mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema bila kumeza, lakini katika nyumba zetu kazi hii kwa kawaida humwangukia mtoto ambaye hajaanza kufunga au mwanamke mwenye udhuru. Mtoto umchague vizuri. Wengine kila kitu kwao ni kitamu.

Ndizi, chukuchuku na uji

Ndizi za mkono wa tembo ziwe zimeiva lakini bado zinasimama. Menya, kata vipande vitatu, toa uzi wa kati, panga kwenye sufuria, tia tui jepesi, sukari, iliki iliyopondwa na chumvi chembe tu. Zikilainika, tui zito juu, moto mdogo, dakika chache. Hazihitaji zaidi ya hapo. Wanaotia zafarani na lozi wanafanya kitu kingine, kizuri pia, lakini si cha siku ya watu ishirini.

Chukuchuku ni ya mwisho kubandikwa kwa sababu samaki hangoji mtu. Tungule zilizokatwa, kitunguu, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari ya manjano kidogo, pilipili mbichi, maji. Yakichemka, panga samaki, kamulia ndimu za kutosha, funika. Robo saa inatosha kwa vipande vya kolekole. Usitie mafuta. Wapemba watakwambia hata tungule ni mapambo, na kwa samaki aliyetoka baharini asubuhi hiyo wako sahihi.

Uji uwe mwepesi, wa kunywika kwenye kikombe. Unga wa mtama au wa mchele, lile tui jepesi lililobaki, sukari, na pilipili manga iliyosagwa kwa ncha ya kijiko. Pilipili manga haitiwi kwa urembo: ndiyo inayompasha moto mtu aliyekaa kutwa bila kitu.

Mkate wa kumimina

Huu ndio unaoniuma roho ukiharibika, kwa sababu haukubali haraka. Kwa mkate mmoja: mchele uliolowekwa vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, iliki, ute wa yai moja. Kwa sinia saba unapika minne, nusu mkate kwa kila sinia na kipande cha mpishi.

Chuja maji ya mchele, uusage na tui na hamira mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga hata moja. Chenga ndiyo adui. Mkate wenye chenga hukaa chini mzito na juu hauwi na matundu. Funika, weka pahala penye joto. Kwa joto letu saa moja au pungufu inatosha. Ukiona umeumuka na kutoa povu, tia sukari, iliki na ute wa yai uliopigwa, koroga kwa upole, uache tena kama robo saa.

Pasha sufuria ya mkate, paka mafuta au samli mpaka kwenye kuta. Mimina ikiwa moto kweli, sauti utaisikia. Punguza moto wa chini, na baada ya dakika tano, matundu yakishaanza kutokeza juu, funika kwa bati na upalie makaa juu yake. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Usifunue kila dakika. Ukiwa na rangi ya dhahabu na kijiti kikitoka kikavu, umeiva. Kwenye oveni weka nyuzi 180, karibu nusu saa au zaidi kidogo, lakini chini hautapata ule ugumu mzuri wa sufuria.

Mikate minne kwa sufuria moja inachukua mchana wote, kwa hivyo anza saa saba na ukate yote ikishapoa. Mkate wa moto ukikatwa unabomoka.

Bakuli za majirani kwanza

Saa kumi na moja na nusu, kabla hujagusa sinia za wageni, pakua bakuli zinazotoka. Kwa nini kwanza? Kwa sababu sufuria ikiwa imejaa mkono unakuwa mpana, na ikifika nusu kila mtu anaanza kuhesabu. Halafu jirani naye anataka chakula kimfikie kabla ya adhana, si baada ya kuwa ameshashiba uji wake.

Nani apelekewe? Nyumba za kulia na kushoto bila kujadili, na jirani asiyefunga naye yumo, Mwislamu au la, ni jirani. Mjane au mzee anayeishi peke yake. Kijana aliyepanga chumba peke yake, aliyetoka Pemba au bara kutafuta kazi, ambaye pengine amejinunulia chipsi na soda. Mlinzi wa nyumba ya jirani. Katika Mji Mkongwe, ambako jengo moja lina familia nyingi na ngazi moja, wapelekee wote wa ngazi yako au usimpelekee hata mmoja wao, maana harufu ya kaimati inapanda juu bila kubisha hodi.

Bakuli moja lisichanganywe chumvi na tamu. Muhogo na kipande cha samaki kwenye bakuli, ndizi kwenye kibakuli chake, mkate kwenye kisahani, vyote juu ya sinia ndogo, kawa juu. Mpe mtoto anayejua kusalimu na asiyekimbia. Mfundishe aseme: "Shikamoo bibi, mama anakusalimu, anasema karibuni futari," akabidhi, aondoke. Asisimame kungoja chombo. Chombo kitarudi, na kwa desturi hakirudi kitupu: pengine kesho na vitumbua vitano, pengine baada ya siku tatu na ndimu za mti wao. Usipeleke kwa sahani yako ya thamani, maana itakaa kwa watu na wewe utakuwa unaiulizia kwa adabu.

Kutandika

Jamvi kubwa chini, mikeka juu yake, na mbele ya walaji kitambaa au plastiki ya kukunjwa. Acha njia ya kupita mtu mwenye birika. Viti viwili vya pembeni kwa wenye magoti mabovu, na kimeza cha kufikia. Usimlazimishe mzee kukaa chini kwa ajili ya mila.

Kwenye sinia, bakuli la samaki likae katikati, muhogo upande mmoja, ndizi upande wa pili kwenye bakuli lake zisimwagikie, mkate uzunguke ukingoni mbele ya kila mtu, ndimu zilizokatwa na pilipili kwenye kisahani. Sambusa na kaimati zisipande kwenye sinia. Zikae pembeni, ziliwe baadaye. Kaimati zikikaa karibu na muhogo, watoto hawatauona muhogo.

Wenye kisukari, shinikizo la damu au tumbo la vidonda wapakulie sahani zao kabla, bila kutangaza. Uliza wiki moja mapema, si mbele ya watu.

Adhana

Magharibi kwetu huchezea baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kwa mwaka mzima, hivyo tazama ratiba ya mwezi huo, usikumbuke ya mwaka jana. Robo saa kabla, tende, maji na uji viwe tayari mbele ya watu. Sinia zibaki ndani zimefunikwa.

Adhana ikisikika, watu wafungue kwa tende na maji, wanywe uji, wasome dua, kisha waswali. Wanaume wakienda msikitini unapata dakika ishirini za dhahabu: onja tena muhogo, ongeza tui kama umekaza, toa sinia. Ukiweka sinia kabla ya swala, ama watu watakula wachelewe, ama chakula kitapoa huku kinatazamwa.

Maji ya kunawa yanazunguka kwa birika na beseni, akianza mtu mzima au mgeni. Kijana amimine, asikae mpaka wote wamenawa.

Adabu ya kula pamoja

Mtume alimwelekeza kijana Umar bin Abi Salama ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Sinia yote imesimama juu ya maneno hayo matatu. Usivuke mkono kwenda kwa mwenzio hata kama kipande kizuri kimeangukia kwake. Samaki wa katikati hagombaniwi: mkubwa wa sinia anamega, anatoa miba, anasukuma vipande mbele ya wengine, na kipande chake mwenyewe anakiacha mwisho. Ndiyo maana kila sinia iwe na mkubwa mmoja anayejua kazi hiyo. Ukiweka vijana wanne peke yao, samaki anakwisha ndani ya dakika tatu.

Anayetaka kijiko apewe kijiko. Mkono ni mzuri kwa muhogo, lakini mgeni asiyezoea akilazimishwa atakula kidogo na kujifanya ameshiba. Mwenyeji asiinue mkono kabla ya mgeni. Akishiba mapema, acheze na kipande cha mkate, azungumze, mpaka mwenzake amalize.

Sinia za msikitini na barazani

Katika vijiji vya Unguja na Pemba, na mitaa mingine ya mjini, wanaume hufuturu pamoja nje, kila nyumba ikitoa sinia yake. Ukipeleka huko, mpango ni tofauti. Chagua chakula kinachostahimili safari: muhogo uliokaza kidogo, mkate, samaki mkavu au wa kukaanga. Mchuzi mwepesi utamwagika njiani. Sinia yako iandike chini yake kwa rangi, herufi mbili tu, la sivyo mwisho wa mwezi utakuwa na ya mtu mwingine. Na usipeleke sahani bora tu siku ambayo unajua mkubwa fulani atakuwepo. Watu wanaona, na baraza ina kumbukumbu ndefu.

Baada ya watu kunawa

Kilichobaki kwenye sinia kimeshaguswa na mikono. Kiliwe usiku huo au kipewe kuku. Kilichobaki kwenye sufuria ndicho cha kuokoa. Chakula cha nazi hakilali nje: kwa joto letu hakifiki daku bila kuchacha. Kipoze kwenye vyombo vipana, kiingie kwenye friji kabla hujaondoka kwenda tarawehe, na wakati wa daku kichemshwe kweli, si kupashwa tu. Huna friji? Basi kabla ya Isha mtume mtoto tena kwa yule kijana wa chumba cha kupanga, kesho yake ana daku.

Mkate wa kumimina uliobaki ufunge kwenye kitambaa, asubuhi ukaangwe vipande kwa samli kwa ajili ya watoto. Bakuli za watu zilizokuja na futari zao zioshwe usiku huo huo na zipangwe pamoja karibu na mlango, na ndani ya kila moja weka karatasi yenye jina la nyumba yake, ili kesho anayepakua asianze kuuliza hili la nani.